Mbwa Aliyempinga Mfalme

Mbwa wa Enid aliitwa Biskuti, na kijiji kizima cha Thornby kilishakubaliana kwamba mbwa huyo anampinga mfalme.

Ushahidi ulikuwepo. Kila Jumanne klabu ya wazee ilifunga mkutano kwa chai, keki na wimbo wa taifa, ule wa kumwombea mfalme. Piano ikilia tu, watu wote husimama, na Enid, mjane mwenye adabu zake, humshika Biskuti tumboni akamnyanyua naye asimame. Hapo Biskuti hukunja pua akanguruma mpaka wimbo uishe. Jumanne iliyopita alimng'ata Enid kidole.

"Huko alikookotwa wamemlisha siasa," alisema Clifford, mwenyekiti, ambaye mwenyewe alikuwa na hasira za karibu, na wakati wa wimbo ndipo usimsogelee kabisa. "Mrudishe kwenye kituo cha mbwa ulikomtoa, Enid. La sivyo nawe usirudi hapa."

"Jamani Clifford, huyu ni mbwa. Mfalme atamjulia wapi?"

"Mbona wimbo wake anaujua?"

Enid akaomba apewe wiki moja. Nyumbani alimwonyesha Biskuti picha ya mfalme kwenye kopo la chai, na kila akiitazama anampa soseji. Biskuti aliipenda picha ile mpaka akairamba uso. Jumanne iliyofuata akanguruma vilevile. Enid alilia, maana tangu mumewe afe, mbwa huyo ndiye aliyemfanya aamke asubuhi.

Akaenda kwa daktari wa mifugo, akamweleza kisa chote na kuomba dawa ya kumtuliza. Daktari alimbonyeza Biskuti nyonga, na mngurumo wa Jumanne ukatoka, piano haipo.

"Nyonga imesagika, mama. Hana ugomvi na mfalme, huyu. Ugomvi wake ni kunyanyuliwa."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Enid aliona haya mpaka akamwomba mbwa radhi mbele ya daktari.

Jumanne iliyofuata piano ikalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Enid akabaki kitini. Biskuti, dawa zimeshamkolea, alijilaza kimya miguuni pake.

"Simama, mama wewe!" Clifford akafoka.

"Mwenzangu anaumwa nyonga. Nimekaa naye."

Biskuti akasikia kelele zile, akainuka mwenyewe polepole, akamwendea Clifford na kumwegemea mguu wa kushoto. Clifford akanguruma. Ulikuwa mngurumo uleule, na ukumbi mzima uliutambua.

Enid akamsogezea kiti. "Tangu lini, Clifford?"

"Zamani," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwenyekiti atakaaje?"

"Kama wengine. Kwa makalio."

Clifford aliitazama picha ya mfalme ukutani kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akakaa. Bibi aliyekuwa nyuma yake akashusha pumzi, naye akakaa. Halafu jirani yake, halafu safu nzima, magoti yakialika kama kuni mbichi motoni.

Wimbo ulipofika mwisho, aliyekuwa bado amesimama ni Biskuti peke yake.