Kuimba Puani Marufuku

Mkahawani kwangu hapa Morioka, Japani, watu hawaongei. Jirani wa juu alipozichoka spika zangu, nilifunga hedifoni kumi na mbili, kila kiti na yake. Hazizibi masikio, sauti za nje hupenya, na ni nzuri kiasi kwamba unamsikia mpiga besi akivuta pumzi. Sote tunasikiliza santuri moja, na mwenye haja anaandika kikaratasi. Sheria niliyoipenda kuliko zote niliibandika mlangoni: ukiimba puani mara tatu, usirudi tena.

Jumamosi moja mchana, mwanafunzi mmoja mgeni akaniletea kikaratasi: "Kuna mtu anaimba." Nikasimamisha santuri.

"Nani?"

Mzee Hatanaka akanyoosha mkono. Ilikuwa mara yake ya tatu. Ni mgane, na kwa miaka tisa amekuja kila Jumamosi kukaa meza ile ile ya dirishani, hana kwingine pa kwenda. Nililijua hilo. Lakini mimi ni mtu wa msimamo, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

"Mzee, sheria unaijua."

"Naijua, Masta. Kahawa ilikuwa nzuri."

Akainama, akachukua kofia yake, akaondoka.

Roho iliniuma. Ili kujituliza nikaweka albamu niipendayo tangu ujana, piano na besi tu, nikavaa hedifoni zangu na kufumba macho. Upande wa kwanza ulipokwisha, nikakuta kikaratasi kingine mbele yangu, mwandiko ni ule ule: "Bado anaimba."

Nikawatazama. Wateja wangu wa kila wiki walikuwa wameinamia vikombe vitupu. Mama Sonobe, fundi wa kushona kimono, akanivuta hadi kwenye ngazi, maana huko kuongea ruksa.

"Ni wewe, Masta."

"Mimi nini?"

"Unayeimba. Miaka yote hii. Na sauti za juu huziwezi hata kidogo."

"Na Mzee Hatanaka je?"

"Alinyoosha mkono ili usiaibike mbele ya mgeni. Ulitaka afanyeje?"

Nyani haoni kundule. Nilishuka ngazi na aproni yangu kiunoni, nikamkuta mzee kwenye benchi mbele ya duka la tofu, kofia mapajani. Nikainama mpaka mgongo ukalia.

"Nisamehe, mzee wangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha."

"Si ndiyo ingekuwa vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Santuri ninazo nyumbani, na hedifoni pia." Akaizungusha kofia mikononi. "Marehemu mke wangu alikuwa akiimba puani jikoni, vibaya hivyo hivyo kama wewe. Sasa nyumba ni kimya tupu."

 Nikamshika mkono tukarudi, na tulipofika mlangoni nikalibandua lile tangazo, nikalikunja na kulitia mfukoni. Nikamtengenezea kahawa nyingine. Nikageuza santuri.

Nilijikaza kweli kweli. Midomo niliifumba, pua nikaidhibiti, na kwa mara ya kwanza nikausikiliza ule upande wa pili wote nikiwa kimya kama mtu na akili zake. Wimbo wa mwisho ulipoanza nikafumbua macho. Mzee Hatanaka alikuwa amezishusha hedifoni shingoni, amekunja mikono, ananitazama. Alikuwa akingoja.

Nikaimba.