Kidude cha Tatu

Tangu lini mtu aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na minne akapewa alama na kidude kilicho sawa na kibiriti? Swali hilo Mama Dereva alilimeza asubuhi ile, akiwa kwenye usukani wa gari lake dogo, huku mwanawe amepiga magoti nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, matako yakitazama barabara. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Mama Dereva, hata waliozaliwa baada ya yeye kustaafu.

Mwanawe alikuwa mwalimu wa hesabu, na ualimu ulikuwa umemfuata mpaka nyumbani. Chumvi ikizidi kwenye mboga, hasemi imezidi. Anaipa mboga arobaini kwa mia. Sasa alikuwa ameona tangi la mafuta lililokuwa likitosha wiki mbili linakauka kwa siku tisa, akahukumu kwamba mama ana mguu mzito. Mama akasema gari limezeeka. Maneno yakazaa maneno, hata wakawekeana sharti mbele ya mkwe, mke wa mwalimu: vidude vitatu vya kupima uendeshaji, kimoja kimoja kwa wiki tatu. Viwili vikisema anaendesha vibaya, atakabidhi ufunguo. Akishinda, asisikie tena habari za mguu wake.

Na ufunguo ule ndio uliokuwa umembakia. Sare alirudisha, redio ya kazini alirudisha, mume alimzika. Bila ufunguo angekuwa mzigo wa kupakiwa na kuteremshwa, jambo aliloliogopa kuliko kufa.

"Mbona vitatu?" aliuliza.

"Kimoja kinaweza kukosea, mama. Vikiwa vitatu tunalinganisha."

"Kwa hiyo shahidi mmoja ni mwongo, wakiwa watatu wanakuwa wakweli?"

"Tunatafuta wastani, mama."

Kidude cha kwanza kilikuwa cha kelele. Akigusa breki, tii. Akikata kona, tii. Siku ya pili bibi mmoja mwenye mkongojo alishuka barabarani bila kutazama huku wala huku. Mama Dereva akalisimamisha gari papo hapo, bibi akavuka salama akimshukuru Mungu kwa sauti. Kidude kikampunguzia alama sita.

"Breki ya ghafla," mwana alisoma kwenye simu jioni, uso ameukunja utadhani amekamata mwizi wa mtihani.

"Kimeona breki, bibi hakikumwona?"

"Hakina macho, mama."

"Basi kinasahihisha nini?"

Wiki ikaisha kwa hamsini na nane. Mwalimu akaiandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake kwa rula. Mama Dereva akatamani kumchapa kwa rula ile ile, miaka yake arobaini na ndevu zake.

Cha pili kilikuwa cha mafuta, nacho kilikuwa na maringo. Kilichagua simu ya kuzungumza nayo. Ya mama kikaikataa, ya mkwe kikaikataa, ya mwalimu kikaikubali baada ya yeye kukichomoa na kukichomeka mara nane, jasho likimtoka na chai yake ikipoa mezani. Lakini kilipokubali, kilisema kweli. Kilomita kumi na tano kwa lita, mguu mwepesi kabisa. Kisha kikaongeza jambo ambalo hakuna aliyekiuliza: kila asubuhi gari linanguruma limesimama dakika kumi na saba, kuanzia saa kumi na mbili na nusu.

Mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Saa hiyo Mama Dereva humsubiri mwalimu ampeleke shuleni. Anatoka, anarudi kufuata miwani. Anatoka, anarudi kufuata madaftari. Anatoka, anarudi kuuliza nani kaona simu yake, na simu iko mkononi.

"Nyani haoni kundule," alisema mama. Walikuwa wamefungana bao moja kwa moja.

Cha tatu kilikuwa na laini yake yenyewe ya simu, hakikumbembeleza mtu. "Hiki kinaandika kila kitu," mwalimu alisema akikichomeka. "Mwendo, breki, mafuta. Hata njia ulizopita kinazichora kwenye ramani."

Mama Dereva akakichungulia kidude kile, akavuta mkanda. Akawasha gari.

Wiki ilipokwisha, mwalimu alifungua daftari mezani, akasoma: tisini na mbili. Akasimama, akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akauweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Nimekosa, mama. Nimekusingizia mguu mzito, kumbe anayemaliza mafuta ni mimi na usahaulifu wangu. Nisamehe."

Mkwe akapiga makofi. Mama Dereva akautazama ufunguo. Ilitosha kufunga vidole tu. Lakini dakika kumi na saba za kunguruma hazikaushi tangi, na aliyeishi na injini miaka ishirini na minne hawezi kujidanganya kwa hilo. Hasira zikampanda. Wiki tatu za tii na wastani na rula, halafu mtoto aliyemzaa mwenyewe anakaribia kubeba lawama isiyo yake.

"Umelinganisha vyote?"

"Vyote."

"Na ramani?"

"Ramani haina alama, mama. Sikuifungua."

"Ifungue. Angalia Alhamisi."

Mstari wa buluu ulitoka nyumbani, ukavuka daraja kuelekea kwa mama mdogo, alikokuwa akienda siku hiyo, ukafika kwenye mzunguko wa posta. Ukazunguka. Ukatoka, ukarudi, ukazunguka tena. Mwalimu akahesabu kwa kidole kama kawaida yake, akafika tisa, kidole kikasita. Kutoka hapo mstari ulikwenda mbali, barabara ya viwandani, ukasimama kwenye lango la hospitali alikostaafu mama yake. Ulikaa pale saa nzima.

"Kwa mama mdogo ni dakika kumi," alisema polepole.

"Nyumba ile naijua miaka thelathini. Siku hiyo niliitafuta njia kichwani, haimo. Iliyokuwamo ni ya kazini tu." Akauonyesha mstari wa buluu. "Na si mara ya kwanza, ni ya nne. Gari haliyanywi mafuta, mwanangu. Mimi ndiye ninayepotea. Naogopa."

Mwalimu akalifunga daftari. Akaja akakaa sakafuni karibu na kiti cha mama yake, akaweka kichwa kwenye goti lake, akalia. Mama akampapasa kichwa, kisha akamtia ufunguo mkononi.

"Kesho tunakwenda kwa daktari. Utaendesha wewe."

"Mama, unanijua mimi na klachi."

"Nakujua sana. Saa kumi na mbili na nusu uwe kwenye gari, miwani usoni, simu mfukoni."

Alimkuta kwenye usukani saa kumi na mbili na dakika ishirini, injini imezimwa, chini ya dashibodi hakuna kidude. Mama Dereva akazunguka upande wa pili, akaketi mahali ambapo hakuwahi kuketi. Mguu wake ukatafuta breki, ukakuta zulia.

Mwalimu akawasha, akaachia klachi. Gari likaruka kama mbuzi, likazima.

"Thelathini kwa mia," alisema mama, akavuta mkanda. "Washa tena, baba."