Bendera Yenye Mwezi

Katika lugha ya vibendera vya simu, mimi ni profesa, nimekosa joho tu. Nitumie cheupe, najua umesalimu amri. Chekundu, kuna hatari. Chenye miraba myeusi na myeupe, mbio zimefika mwisho. Mimi ni kinyozi, na wateja hunipa simu zao niwatafsirie huku nanyoa. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Kuhusu bendera, namaanisha. Nywele ni kesi nyingine.

Basi asubuhi moja nimemkalisha fundi bomba kitini, nusu ya kichwa tayari, simu ikalia. Ni mchumba wangu, mchapaji wa steshenari ya ng'ambo ya barabara: "Mjomba yupo hapa. Anauliza kama kweli una nia ya kunioa. Jibu sasa hivi."

Mjomba ndiye mlezi wake. Akigoma yeye, harusi hakuna. Mwenye akili timamu angeandika "ndiyo." Mimi nikaona hilo neno la washamba. Nikapekua bendera za nchi mpaka nikapata moja: nyekundu juu na chini, buluu katikati, na duara jeupe mfano wa mwezi mpevu. Yaani, wewe ndiye mwezi wangu. Nikaituma peke yake, nikasubiri sifa.

Jibu likaja: "Asante, nimeelewa. Usinitafute tena."

Nilivuka barabara bila kuangalia magari. Nikamkuta mchumba macho mekundu, mjomba kavimba pembeni, wote mbele ya kompyuta ya kazini, maana ujumbe wangu alikuwa anausomea humo.

"Shikamoo mjomba. Kuna nini?"

"Soma mwenyewe."

Kumbe kompyuta ile kongwe haichori bendera. Inaandika herufi mbili tu, kifupisho cha jina la nchi. Chini ya swali la mjomba palikaa jibu langu: LA.

"Wengine hukataa kwa kuzungukazunguka," mjomba akasema. "Wewe umekataa kwa herufi kubwa."

"Ile ni bendera, mjomba!"

"Bendera ya wapi?"

Ukweli ulikuwa hapa kooni, lakini nani atamke "mwezi wangu" mbele ya mjomba mtu?

"Ya nchi moja hivi ya mbali. Nimeichunguza sana. Nataka nimpeleke huko fungate."

Mchumba akafuta macho. "Kweli? Inaitwaje?"

"Inaitwa... jina lake refu kidogo..."

"Mwongo huyo!"

Nikageuka. Fundi bomba kasimama mlangoni, kitambaa changu shingoni, kichwa nusu upara nusu msitu.

"Aliniuliza mimi hiyo bendera ni ya wapi! Nikamwambia sijui. Akasema, 'Naituma tu, hata yeye hajui.' Nchi haijui, kunyoa hajui! Ila 'mwezi wangu' alisema kweli, dada, tena kwa sauti, na kioo cha simu akakibusu. Mpaka nikaona haya mimi."