Mawe Kwenye Pindo

Jumamosi asubuhi fundi cherehani alipiga pasi kitambaa cha mumewe, upande wa nyuma kwanza ili herufi zisiungue. Kitambaa kilikuwa kimeandikwa MWIZI. Cha kwanza kilitolewa na mahakama, kimeshonwa ovyo, pindo limekwenda upande, na yeye asingekubali mume wake asimame mbele ya watu na kazi ya namna ile shingoni. Akakishona upya kwa uzi mwekundu, akatia na bitana. Hata waliokuja kuzomea walikiri kwamba kimependeza.

Mume alikuwa mtunza stoo wa zahanati. Aliuza mabati mapya ya zahanati, yenye alama nyekundu, akakamatwa, akakiri. Hukumu ilikuwa asimame juu ya kreti la soda kwenye lango la soko kila Jumamosi, mpaka mvua ziishe. Mkewe alimkasirikia sana na kumpenda vilevile, na hakuona kwa nini achague kimoja. Mwenyekiti wa soko alileta kipaza sauti. "Mnyoosheeni kidole!" alisema, na watu wakanyoosha, maana kidole ni bure.

Vidole havikumdhuru mume. Alikuwa mtu mnene, na kitambaa kilikuwa kizito. Madhara yalikwenda nyumbani. Kila kidole kilimpunguzia uzito mkewe kidogo, na binti yake kidogo. Mwanzoni soli za viatu vyao ziliacha kulika. Kisha binti, katikati ya kufagia, akagundua kwamba ufagio haufiki chini. Siku mama alipoinuka kufuata chumvi akagonga kichwa kwenye dari, alisema tu, "Haya sasa," akajivuta chini kwa waya wa pasi, akakaa kwenye cherehani na kushona vifuko vya mawe ndani ya mapindo ya magauni yao yote.

Majirani hawakuona ajabu. Waliacha kuwasalimia, lakini kazi waliwapa. Binti aliitwa kutoa utando wa buibui kwenye madari marefu na kuokoa paka juu ya paa. Asante hawakumpa, maana kumshukuru mtoto wa mwizi ni kujitafutia maneno. Yeye, kusema kweli, alikuwa akifurahia. Mara nyingine alimwaga mawe nyuma ya nyumba, akapaa juu ya kamba za nguo na kupinduka hewani huku akicheka mpaka kwikwi. Kilichomliza ni kingine. Alipendana na fundi umeme, na mama wa fundi umeme alikuwa hataki.

"Mimi na msichana sina neno," mama huyo alisema. "Neno ni la watu. Leo mnaoana, kesho na mimi naitwa mkwe wa mwizi."

"Mama, yeye hajaiba kitu."

"Nani kasema kaiba? Nimesema watu."

Fundi umeme alikwenda kuandikisha ndoa hivyo hivyo. Msajili alikuwa na nafasi Jumamosi tu, kwenye ukumbi wa soko, mkabala na lango. Mama yake akaja, amenuna, amevaa viatu vipya.

Hapo ndipo fundi cherehani alipofanya kosa ambalo ni fundi cherehani tu angelifanya. Alimvalisha binti gauni jeupe, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama. Mawe yalifanya matuta kwenye pindo. Alivumilia kidogo, akashindwa, akachukua mkasi na kuyatoa yote.

Kwa hiyo msajili alipoita jina la bibi harusi, bibi harusi alikuwa darini, ameshika panga la feni, shela likimfunika uso. Lilipopeperuka akaona nje kupitia dirisha la juu.

"Mama!" akaita. "Mabati ya zahanati haya hapa! Yameezekwa kwenye ghala la mwenyekiti. Yana ile alama nyekundu!"

Sauti ilifika mpaka langoni. Watu waligeuza shingo, vidole vikiwa bado vimenyooshwa. Msajili ndiye aliyezungumza kwanza.

"Bibi harusi, nani kakutuma uchungulie paa la mtu?"

Ukumbi mzima ulikubaliana kwamba huo haukuwa ustaarabu. Huko nje mwenyekiti alisema kwenye kipaza sauti kwamba mabati aliyanunua kihalali, na kama kuna mwenye shaka amuulize mwizi mwenyewe. Mwizi akaulizwa. Akasema ni kweli, alimuuzia yeye, tena kwa bei ya chini. Basi, watu wakasema, wakarudi kumnyooshea kidole palepale walipoishia.

Fundi umeme hakwenda popote bila ngazi yake. Aliifungua kwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani, akapanda. Msajili aliuliza maswali kwa kupaza sauti. "Nakubali!" bibi harusi alisema. "Nakubali!" fundi umeme alisema, na neno lilipomtoka, mguu wake wa kulia uliacha ngazi, kisha wa kushoto. Alikuwa ameshakuwa mtu wa familia. Walishikana viuno wakazunguka kandokando ya dari, wakigongana na taa na kucheka, na kwa kuwa alikuwa huko huko, alibadilisha balbu iliyokufa siku nyingi. Wageni walipiga makofi, halafu wakakumbuka, wakanyoosha vidole.

Mama wa bwana harusi alitazama viatu vyake vipya. Kisigino kimoja kilikuwa kimeachana na sakafu. Alikikandamiza, kikainuka kingine. Akamshika mkono fundi cherehani kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Jumamosi iliyofuata ilinyesha mchana kutwa. Ndani ya zahanati wagonjwa walifunguliwa miavuli vitandani, na ghala la mwenyekiti lilikuwa kavu kabisa. Fundi cherehani alipiga pasi kitambaa cha mumewe, upande wa nyuma kwanza. Kando yake mama wa fundi umeme alikuwa ameng'ang'ania meza ya cherehani kwa mikono miwili, miguu ikielekea dari.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "kwangu usitie vijiwe. Tia mawe makubwa. Mimi najulikana na watu wengi."