Mashine ya Mkunga

Mkunga alikuwa ametuma neno moja tu, na neno hilo halikuwa na kona: hatabebwa. Aliondoka nyumbani juu ya machela, nyonga imevunjika, majirani wote wakimtazama. Sasa, baada ya miezi mitatu ya hospitali na ya kuuguzwa kwa binti yake, alikuwa na nyonga ya chuma, magongo mawili na nia isiyopinda. Siku ya kurudi angeingia mlangoni mwake kwa miguu yake mwenyewe. Mwanamke aliyewapokea duniani watoto wa watu wasiohesabika asingekubali, katika uzee wake, kupakatwa kama kichanga.

Daktari naye alikuwa na sharti lake. Mgonjwa asikanyage mahali popote ambapo haoni wayo wake unapotua. Na kati ya lango, ambalo gari halikuweza kulipita kwa wembamba wake, na mlango wa nyumba, palikuwa na hatua arobaini za njia ya udongo. Mvua za miezi mitatu zilikuwa zimeimeza njia hiyo. Nyasi zilifika magotini.

Mumewe, Mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyasikiliza masharti yote mawili kwenye simu akiwa amesimama wima, kisha akajibu kwamba Jumamosi saa nne asubuhi njia itakuwa wazi. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Katika miaka thelathini na minane ya kazi, kengele haikuwahi kumtangulia darasani.

Tatizo lilikuwa kwamba mashine ya kukatia nyasi ilikuwa mali ya Mkunga, na ujuzi wake pia. Yeye ndiye aliyeitia petroli, akaivuta kamba, akaivaa begani kwa mkanda wake na kuuzungusha ule uzi wa nailoni unaokata majani kama wembe. Kazi ya Mwalimu, siku zote, ilikuwa kufuata nyuma na reki.

Jumamosi hiyo, saa moja kamili, Mwalimu aliivuta kamba. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili, ikanguruma kwa afya njema kabisa. Lakini uzi ulipoingia kwenye nyasi tu, sauti ilishuka, ikakoroma, ikataka kufa. Nyasi ziliinama kwa heshima, yeye akapita, nazo zikainuka tena nyuma yake. Alijaribu mara sita. Saa moja na nusu alivuka barabara kwenda kumwita shemeji yake.

Shemeji huyo, ndugu mdogo wa Mkunga, alikuwa fundi saa. Alikuja na lenzi yake ya jicho moja na kikopo cha bisibisi ambazo hakuna hata moja iliyozidi urefu wa kidole. Aliizunguka mashine mara mbili, mikono nyuma, akauliza mgonjwa amekula nini. Mwalimu alieleza kwamba amekula petroli iliyochanganywa na oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye tangi, sehemu hamsini kwa moja, na kwamba alipima kwa kikombe cha dawa, mara mbili. Jambo hilo Fundi Saa hakulitilia shaka. Alimfahamu shemeji yake kuwa mtu wa kupima hata chumvi. Aliuliza tu petroli yenyewe ni ya lini.

"Aliiacha dada yako."

"Basi imelala miezi mitatu, shemeji. Hata wewe ukilala miezi mitatu hutaamka na nguvu."

Waliimwaga kwenye dumu, wakatia mpya. Mashine ikawaka, ikaingia kwenye nyasi, ikalemewa.

Wakatoa plagi, wakaisugua kwa brashi hadi ncha yake ikang'aa. Ikalemewa. Wakafungua chujio la hewa, na hapo hapakuwa na la kufanya, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amelifua kwa sabuni mapema wiki hiyo, akalisuuza maji matatu na kulianika kambani kati ya leso zake. Fundi Saa alisema amewahi kuona mashati ya harusi yaliyo machafu kuliko chujio lile. Kisha akaingia kwenye ekzosi, na huko akakuta kijiwavu kidogo kilichozibwa na masizi. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete. Alikichoma juu ya jiko mpaka masizi yote yakapukutika, akakirudisha, akatangaza kwamba mchawi amepatikana.

Mashine ikanguruma kwa sauti kubwa zaidi. Ikaingia kwenye nyasi. Ikalemewa kwa sauti kubwa zaidi.

"Imebaki kabureta," akasema Fundi Saa, akivaa lenzi yake. "Niletee kitambaa cheupe."

Mwalimu alitazama saa ya ukutani, akaleta kitambaa. Fundi Saa aliifungua kabureta mezani kama anayefungua saa ya mfukoni, kila skrubu mahali pake, kila tundu likipulizwa na kutazamwa kwenye mwanga. Wakati huo Mwalimu alichukua fyekeo la mkono akatoka nalo, kwa sababu ahadi ni ahadi. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alifyeka hatua tano kwa moyo wa ujana, na ya sita akaifyeka kwa moyo wa umri wake, kisha akakaa chini palepale njiani, kofia mkononi.

Fundi Saa alimchungulia dirishani. "Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama, shemeji, ila cha mvunguni sikioni."

 Mwalimu alikuwa akihesabu. Hatua thelathini na nne zilibaki, na saa tatu na nusu ilikuwa imepita. Akamwona akilini mkewe akifika langoni, akiitazama njia, kisha akimtazama yeye, kisha akikubali kubebwa kwa sababu mumewe ameshindwa kukata majani. Angekubali bila kulalamika. Hilo ndilo lililomuuma Mwalimu kuliko mgongo.

Kabureta ilirudishwa bila skrubu hata moja kusalia mezani, na Fundi Saa akaomba jambo hilo likumbukwe. Mwalimu aliiwasha mashine, akapiga moyo konde, akaiongezea moto hadi mwisho na kuingia kwenye nyasi kama mtu anayeingia vitani. Sauti ikapanda, ikaanguka, ikakoroma. Naye hakusikia gari likisimama langoni robo saa kabla ya wakati wake.

Binti alitaka kushuka kumfungulia mama yake mlango. Mkunga alimzuia kwa mkono. Alishusha kioo, akainamisha kichwa, akafumba macho, vile alivyokuwa akifanya zamani alipoweka sikio kwenye tumbo la mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Alisikiliza mashine ikipanda na kuanguka mara tatu.

"Mwambie baba yako azime," akasema.

Kimya kilipotanda, aliita kwa sauti ileile iliyotuliza wadi nzima.

"Mwalimu, mashine haiumwi. Imebebeshwa. Uzi umeuacha urefu gani?"

Mwalimu alisogea langoni. Furaha ya kumwona na aibu ya kuonekana zilimkuta kwa pamoja, asijue aanze na ipi. Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akaeleza kwamba uzi mrefu hufagia duara pana zaidi, na kwa hiyo mizunguko ya kazi hupungua. Akaongeza kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Fundi Saa akakohoa.

"Na kinga iko wapi?" akauliza Mkunga.

Kwa miaka thelathini na minane Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba aliyekosa husimama na kusema. Kwa kuwa alikuwa amesimama tayari, alisema. Juma la pili baada ya mkewe kulazwa, alikuwa ameitazama ile kinga ya plastiki inayofunika uzi kwa nyuma, akaikuta imegandwa na utomvu wa majani wa miaka. Akaifungua, akaisugua jioni nzima kwa brashi na sabuni. Ilipokauka ilikuwa safi mno, na moyo wake ukashindwa kuirudisha kwenye uchafu. Aliitundika stoo.

 Mkunga akamgeukia binti yake. "Miaka arobaini na mbili nimeolewa na usafi," akasema, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka gongo moja likamponyoka likaanguka sakafuni mwa gari, mpaka binti naye akashikwa, mpaka Fundi Saa akalazimika kuvua lenzi. Mwalimu alijitahidi kubaki na uso wake wa darasani, akashindwa.

Alipopata pumzi, Mkunga alieleza. Ndani ya kinga kuna kisu kidogo. Uzi ukizidi, kisu huukata ukiwa unazunguka, ubaki kiasi ambacho injini inaweza kukizungusha. Kisu kikiondoka, uzi unarefuka bila mwamuzi, na injini inaburuta badala ya kukata. "Tena mshukuru Mungu kwamba jiwe halikuruka likakupata mguuni," akamwambia Mwalimu, "maana tungelala wadi moja."

Kinga ililetwa kutoka stoo. Bisibisi kubwa kuliko zote za Fundi Saa ilicheza ndani ya kichwa cha skrubu kama mtoto ndani ya koti la baba yake, na binti akamwambia mjomba apishe, akazikaza skrubu kwa vifaa vya gari. Mwalimu alivuta kamba. Vipande viwili vya uzi viliruka majanini, na papo hapo sauti ya mashine ikapanda, nyembamba, nyepesi, sauti ya mtu aliyetua kuni kichwani. Akaishusha kwenye nyasi. Nyasi zikalala, na hazikuinuka.

Basi wakaenda hivyo, kwa mstari. Mbele Mwalimu na mashine, nyuma yake Fundi Saa na reki akifagia majani yaliyokatwa, na hatua kumi nyuma, mahali ambapo mawe madogo hayangemfikia, Mkunga juu ya magongo yake. Binti alimfuata mikono ikiwa wazi bila kumgusa. Jirani wa upande wa kushoto aliegemea ua akauliza kama asaidie kumshika. Mkunga alimjibu kwamba asaidie kutazama.

"Kulia, Mwalimu," aliita. "Umeruka shungi la nyasi pale."

Mwalimu alirudi akalikata.

Mlangoni palikuwa na ngazi mbili. Mkunga alisimama, akavuta pumzi, akatanguliza mguu mzima kama alivyofundishwa, kisha wa chuma, kisha tena mguu mzima. Akavuka kizingiti. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa tangu langoni. Binti alimwekea kiti palepale mlangoni, naye akakaa, akayalaza magongo pembeni, akaitazama njia yake yote.

Mwalimu alikuwa amefika ukutani, lakini mashine hakuizima. Alikunja kona ya nyumba, akaingia uani, na sauti ile nyepesi ikaendelea huko nyuma, ikaizunguka nyumba yote na kutokea upande wa pili, nyasi zikianguka kushoto na kulia, naye uso umemfunguka kama wa mtu wa miaka ishirini. Fundi Saa akauliza kama aambiwe kwamba kazi iliyoahidiwa imekwisha.

"Mwache," akasema Mkunga. "Mwache amalize petroli."