Vivinjari vya Mwalimu Mkunde

Ijumaa hiyo mchana Mwalimu Mkunde alikuwa amechoka hadi kope. Siku nne alikuwa akihangaika na kompyuta yake, ile aliyoiwekea mwenyewe mfumo endeshi ambao shule nzima hakuna mwingine anayeujua, akisaka kivinjari cha kufungulia ukurasa wa mtandaoni wa kusajili watahiniwa. Watoto arobaini na mmoja walimtegemea, na usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na mbili jioni. Kila kivinjari alichopakua alikilinganisha na cha jana, akakitoa kasoro, akakifuta. Mwishowe akalaza kichwa juu ya meza ya ofisi, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya vumbi jeupe isiyo na nyumba, yenye milango tu, na kila mlango una bawabu wake. Bwana Umaarufu alimtazama miguuni, akaona viatu alivyojishonea mwenyewe, akacheka. "Pole, mama. Viatu vya aina hiyo hatuvihudumii hapa." Bi Wepesi alimfungulia kabla hajabisha, akamfungia kabla hajaingia. Bi Faragha, aliyejifunika ushungi hadi machoni, alimnong'oneza, "Kwangu hakuna atakayekujua, mwalimu," lakini ndani kulikuwa na giza tupu. Na kila aliposita, Ubora alimkimbilia akihema, mwembamba kama ufito, akimvuta mkono: "Usitulie hapo, dada. Mbele kipo kizuri zaidi." Akamfuata, akamfuata tena, hata machozi yakamtoka kwa uchovu.

Kwenye mlango wa mwisho, wa mbao zisizopigwa randa, alikaa mwanamke akichambua mchele.

"Karibu, mwalimu. Naitwa Wajibu. Umeupenda upi?"

"Hata mmoja. Nimeichunguza yote."

"Na huko ndani ulikuwa unafuata nini?"

Aibu ikamshika kwelikweli. Siku nne amepima wepesi na uzito wa vivinjari, na hajaandika hata mara moja anwani ya ukurasa wa usajili.

"Waliokutuma wanakungoja," alisema Wajibu, bila kuinua macho.

Akazinduka saa kumi na moja kasorobo. Akafungua kivinjari kilichokuja na mfumo wenyewe, kile alichokidharau tangu siku ya kwanza. Ukurasa ulikuja taratibu, bila picha, maandishi yamepandana, lakini nafasi za majina zilikuwepo zote. Akaingiza jina baada ya jina. Saa kumi na mbili kamili ukurasa ukajifunga. Yusta na Zaina, wa mwisho kwenye orodha, walikuwa bado.

Kisha akafunga ofisi, akaenda kwa akina Zaina kwanza, kumweleza mama yake kwamba aliyemkosesha mwanawe mtihani si mtandao, ni yeye mwalimu.