Miaka ya Bomba

…miaka mingapi, anauliza, kana kwamba kuna mtu huandika siku ya kuzaliwa ya bomba, na fundi mwenyewe kichwa kimezama ndani ya jiko la kuni, makalio nje, masizi yanamwagika kwenye zulia lililofuliwa juzi tu, "Bomba hili la ndani ya dohani, dada, liliwekwa lini?", hebu ngoja, lini, si mwaka ule mumewe alipogoma kuita fundi, akapanda paa na viatu vya kazini, akalishindilia bomba huku anapiga kelele kutoka juu kwamba muuzaji amemwapia, chuma kisichoshika kutu, miaka ishirini, tutazeeka sisi na lenyewe linatutazama, haya, leo mume yuko kazini kakaa kitini, anayeulizwa ni mke, kitu kikiharibika nyumba hii ni cha mke… na huko juu mama mkwe ameanza tena, kho, kho, kikohozi chake cha mgeni akija, atakohoa mpaka aambiwe pole, mwaka wa pili huu, ana dawa tatu na hataki hata moja, "Unachoma kuni mbichi?", ah, mbichi kidogo, nani ana nafasi ya kuzianika mwaka mzima, "Na usiku unalibana jiko hewa?", hapo sasa ajibu nini, si ndiyo sifa yake, majirani wote wanajua huwasha njiti moja ya kiberiti baridi ikianza na hawashi nyingine mpaka baridi iishe, unaziba tundu la hewa, kuni zinalala, asubuhi unaziamsha, akili hiyo, si kila mtu anaiweza, na fundi anaguna, eti kuni zikilala hivyo moshi hupoa njiani, unaganda bombani, mweusi, mkali, unakula chuma, "Miaka ishirini ni ya kuni kavu na moto wa kweli, dada, kwa moto wako hata kumi ni bahati," moto wako, yaani sifa zikigeuka lawama zina mwenyewe… kumi, haya, lina mingapi, liliwekwa kabla ya friji, wiki ile mama mkwe alipohamia na sanduku lake na manung'uniko yake, ndiyo, kumi na miwili, na asije mtu akasema hakutendewa wema, nani aliyemchagulia chumba cha juu, kile ambacho dohani inapita ukutani, nani aliyesukuma kitanda kwa mikono yake miwili mpaka mto ukagusa tofali, lala hapa mama, hapa pana joto… "Limetoboka," fundi anasema, anasukuma kamera yake ya waya, "nusu mita juu ya dari hii, na tofali lenyewe lina ufa, moshi unapita, huko juu analala mtu?", nusu mita, kimo cha kitanda, mama alishasema, ukuta huu unanuka, yeye akamjibu ni uzee, pua nazo huzeeka, akacheka, Mungu wangu, alicheka, "Dada, nimeuliza, miaka mingapi?", fundi bado kapiga magoti, masizi bado yanamwagika zuliani, na kikohozi kikaja tena, kho, kho, na yeye, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikisikia anaongeza sauti ya redio, akainua uso kuelekea darini, "Abee, mama," akaitikia, "abee, nakuja."